Mpira Ufikao Karibu na Moyo

Mwaka wa 1929, mjini Eberswalde, Ujerumani, mganga kijana Werner Forssmann alijipitishia mpira mwembamba mshipani mwa mkono hata moyoni. Alilaumiwa, mwaka wa 1956 akapewa zawadi ya Nobel.

Dawa kali za kansa ya damu huunguza mishipa midogo. Karibu na moyo damu ni nyingi, huzizimua upesi. Mwaka wa 1979, huko Seattle, Marekani, mganga Hickman alieleza mpira mpana kuliko ule wa Broviac wa 1973. Ncha yake hutokea kifuani: hauna sindano, lakini wadai uangalizi daima. Kisha kikaja kikopo kifichwacho chini ya ngozi: mgonjwa huoga kwa raha, ila huchomwa kila atiliwapo dawa.

Vyote viwili vyaweza kuingiza vijidudu damuni. Basi, ndugu msomaji, ukimwuguza mtu, nawa mikono kwanza: huo nao ni upendo.