Kutoka Kipande hadi Fao la Kukosa Ajira: Haki za Mfanyakazi wa Mkonge wa Muheza Anapopoteza Kazi

Historia ya ulinzi wa mtu aliyepoteza kazi wilayani Muheza haitenganishiki na historia ya mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, miaka 3 baada ya Richard Hindorf kuliingiza zao hilo Afrika Mashariki. Mashamba yaliyoenea baadaye yalitegemea manamba, vibarua walioletwa kutoka mbali, wakiwamo Waha wa Kigoma. Ajira yao ilipimwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi iliyopaswa kukamilishwa ndani ya siku 42. Siku isiyofanyiwa kazi haikuwa na ujira. Uingereza ilikuwa na bima ya kukosa kazi kwa baadhi ya wafanyakazi wake tangu sheria ya 1911, lakini haikuianzisha Tanganyika. Mfumo wa manamba ulichukulia kwamba asiye na kazi angerejea kwao akalishwe na ardhi ya ukoo.

Baada ya Uhuru, sheria ya kiinua mgongo ya 1962 ilimtwisha mwajiri wajibu, na Mfuko wa Akiba wa Taifa wa 1964 ukaongeza akiba. Malipo yote mawili yalitolewa kwa mkupuo. Uzalishaji wa mkonge nchini uliposhuka kutoka takriban tani 230,000 mwaka 1964 hadi chini ya tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, mkupuo huo ndio uliokuwa mtaji wa kuanza maisha nje ya shamba. Hapa ndipo unapoeleweka upinzani mkali wa wafanyakazi, hasa wa migodini, dhidi ya mabadiliko ya 2012 yaliyozuia fao la kujitoa hadi umri wa kustaafu. Kwao, fedha hiyo ilikuwa mali yao, wala haikuwa hisani ya Mfuko.

Mageuzi ya 2018 yalileta fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Kwa upande wake, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 huweka kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, kwa miaka isiyozidi 10. Kwa hiyo, kima cha chini cha aliyetumikia miaka 20 ni siku 70, sawa na cha aliyetumikia 10.

Ugumu zaidi umo katika masharti ya muda. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki huhitaji miezi 6 kwa mwajiri mmoja. Kiinua mgongo, miezi 12 mfululizo. Fao la kukosa ajira, miezi 18 ya michango. Mkata mkonge anayeajiriwa na kuachwa kwa vipindi vifupi anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuvuka hata kizingiti cha kwanza. Kadi ya kipande imetoweka, lakini mantiki yake imebaki: sheria humlinda zaidi yule ambaye ajira yake haikatiki, ilhali anayehitaji kinga zaidi ni yule ambaye ajira yake hukatika mara kwa mara.