Umri wa Kipandikizi

Mkulima wa mpunga wa Nyashimo hahitaji kuelezwa maana ya kupandikiza. Miche hung'olewa kitaluni, hubebwa kwa mafungu hadi jarubani, huchomekwa topeni mmoja mmoja. Ule ambao mizizi yake haikushika utaukuta kesho yake unaelea. Kutoka kitenzi hicho tumepata kipandikizi: kifaa kinachowekwa ndani ya mwili kikabaki humo.

Kina mama wanalijua neno hilo kliniki, kwa vijiti vya uzazi wa mpango. Hapa nazungumzia kipandikizi kizito zaidi. Osteosakoma ni saratani ya mfupa inayowapata zaidi vijana wanaokua, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Zamani mguu ulikatwa tu. Siku hizi, katika upasuaji wa kuokoa kiungo, daktari huondoa kipande chenye uvimbe pamoja na goti, kisha huweka goti la chuma lenye shina linaloingia ndani ya mfupa uliobaki. Kipandikizi hiki tusikiite mguu bandia. Mguu bandia huvaliwa na kuvuliwa, hiki hakivuliwi.

Je, kitakaa muda gani? Kwa Kiingereza, wataalamu huzungumzia "uhai" wa kipandikizi. Tukiwaiga, mgonjwa wa saratani atadhani anahesabiwa siku zake mwenyewe. "Uimara" nao hautoshi: mpini mgumu pia hucheza kwenye jembe baada ya misimu kadhaa. Neno la hatari zaidi ni "kudumu". Ulemavu wa kudumu ni ule usiokwisha; anayeambiwa amewekewa kipandikizi cha kudumu ataelewa hivyohivyo, na kliniki hatarudi.

Napendekeza umri wa kipandikizi: muda tangu kinapowekwa hadi kinapolazimika kuondolewa au kubadilishwa. Umri huo hukatishwa na mambo matano: misuli na nyama kushindwa kukishika, shina kulegea, chuma kuvunjika au plastiki yake kulika, maambukizi ya vijidudu, na saratani kurudi. Mfupa ukipata ufa hujiunga, chuma hakijiungi. Kwa goti la namna hii, tafiti nyingi zinaonyesha zaidi ya nusu ya vipandikizi huwa bado mahali pake baada ya miaka 10, lakini kadiri miaka inavyosonga ndivyo vinavyopungua. Kijana aliyewekewa akiwa na miaka 15 ajiandae kurudi chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo, iwe hospitali ya Bugando jijini Mwanza au taasisi ya mifupa ya MOI jijini Dar es Salaam, mzazi aambiwe waziwazi: "Mama, goti hili lina umri wake. Tutalibadilisha likichoka." Naye aulize bila woga: "Daktari, umri wake ni miaka mingapi?" Akirudi Nyashimo, homa isiyoeleweka, maumivu mapya au goti kucheza visisubiri mavuno yaishe. Na tarehe ya kliniki ikifika, mtoto apelekwe hata kama mguu hauumi.