Mlinzi wa reli anayeitwa na treni yenyewe

Wandugu, mdogo wangu alinionyesha kwenye simu treni ya mchezo ya Lionel, kampuni iliyoanzia New York. Treni inafika, mlango wa kibanda unafunguka, mlinzi anatoka na taa mkononi. "Yaya, nani anamusukuma?" Mi mwenye diploma ya umeme, nikanyamaza.

Nikatafuta. Kibanda kile kilitoka 1935. Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi, na mwaka 1934 mahakama iliiweka Lionel chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni.

Kumbe kazi yake ni rahisi. Uzito wa treni unasukuma reli chini kidogo, swichi iliyo chini yake inagusana, umeme unapita katika waya uliozungushwa mara nyingi. Waya unakuwa sumaku, unavuta chuma, na chuma kinamtoa mlinzi nje. Treni ikipita, umeme unakatika, anarudi ndani.

Njo sumaku ileile ya mtihani wetu! Formula tulikariri, lakini kuzungusha waya kwenye msumari, hata siku moja. Kesho mi na mdogo wangu tunaanza: msumari, waya, betri ya redio. Na wewe, ulishajaribu?