Tai chi: faida zake na hukumu yake

Tumeulizwa na familia moja ya Unguja: mama yao aliyeko Pongwe ya Tanga (si Pongwe yetu ya huku) ameanguka mara mbili. Je, afanye tai chi?

Tai chi ni mazoezi ya polepole yaliyotokana na sanaa ya kupigana ya China. Mtindo wa mikao 24, wanaoanza nao wengi, ulitungwa mwaka 1956. Kwa wazee, faida iliyothibitika zaidi ni kupungua kuanguka.

Asili ya mazoezi ni mubaha. Hata bingwa Chang Tung-sheng, aliyeifundisha, alikuwa Mwislamu wa kabila la Hui. Kisichofaa ni kuinamia picha au mwalimu kwa kutukuza, na kuitakidi kuwa nguvu iitwayo "chi" inaponya yenyewe. Mponyaji ni Allah. Mwalimu akisema "vuteni chi", mama avute pumzi tu.

Hahitaji ukumbi. Baada ya Alfajiri, uani kwake, akiwa amejisitiri: alegeze magoti kidogo, ahamishe uzito taratibu kutoka mguu huu hadi ule, dakika 10, karibu na ukuta wa kushika. Lakini aliyeanguka mara mbili amwone daktari kwanza. Huenda ni presha, macho au dawa anazotumia.

Wallahu a'lam.