Shabu: Jiwe la Rangi Lililowagombanisha Wafalme



Wasomaji wetu wengi wanaijua shabu, lile jiwe jeupe ambalo kinyozi hulipitisha shavuni baada ya kunyoa, na ambalo nyumba nyingine hulitumia kutuliza maji yenye tope. Jina lenyewe limetokana na Kiarabu, shabb. Huenda vijana wetu wa shule hawajui kwamba jiwe hili liliwahi kuwa mali ya serikali na sababu ya ugomvi mkubwa, na yote kwa ajili ya nguo.

Rangi nyingi za mimea hazishiki kitambaa zenyewe. Ukichemsha sufu na mizizi ya fuwwa, wekundu unakuja, lakini ukifua unafifia. Kwa hiyo mafundi walichemsha kwanza sufu katika maji ya shabu. Alumini iliyomo humo hujifunga kwenye uzi, kisha rangi nayo hujifunga kwenye alumini. Nili haihitaji msaada huo. Nyekundu na manjano nyingi zinauhitaji.

Zama za Salahuddin al-Ayyubi, karne ya 12, shabu ilichimbwa katika majangwa ya Misri ya juu, ikateremshwa kwa mto Nile hadi Iskandaria, na serikali ndiyo iliyoiuza. Wanunuzi wakubwa walikuwa wafanyabiashara wa Kiitalia. Ndiyo, katika miaka ile ile ya vita vya msalaba! Dini zilipigana, masoko yakaendelea.

Baadaye machimbo ya Foça, pwani ya Anatolia, yakashika nafasi ya kwanza. Wagenoa waliyapata mwaka 1275, na mwaka 1455 yakaingia mikononi mwa Dola ya Uthmaniya. Sasa wafumaji wa Ulaya walitegemea shabu ya Waislamu.

Hapo ndipo anapotokea Giovanni da Castro, aliyewahi kufanya biashara ya nguo na rangi Istanbul. Mnamo 1461, katika milima ya Tolfa karibu na Roma, aliona mmea aliokuwa ameuona kwenye milima ya shabu huko Anatolia. Akatafuta mawe, akayaonja, akayachoma: shabu! Akamweleza Papa Pius wa Pili kwamba Wakristo walikuwa wakiwalipa Waturuki zaidi ya dukati 300,000 kila mwaka, na kwamba huo ulikuwa ushindi.

Mapato ya Tolfa yakatengwa kwa ajili ya vita dhidi ya Waturuki, na Mapapa waliofuata wakatangaza kwamba Mkristo anayenunua shabu ya Waturuki atatengwa na kanisa. Lakini shabu ya Papa ilikuwa ghali, na watu wa Flanders wakanung'unika. Hata Mfalme Henry wa Saba wa Uingereza alikuwa na mkono katika kuingiza shabu ya Waturuki, mpaka mwaka 1506 Papa Julius wa Pili alipolazimika kutoa katazo jipya.