Safu ya Lugha: Kahawia

Kahawia ni rangi iliyopewa jina na kinywaji, wala si na mmea. Mwanafunzi wa Runyenjes au Imenti anayepaka buni mbivu kahawia amepotea: tunda hilo ni jekundu, likiwa changa ni kijani, na punje iliyomenywa na kukaushwa huwa ya kijivu chenye ukijani. Kahawia huonekana baada ya kukaangwa. Waturuki nao huiita kahverengi, yaani rangi ya kahawa. Waarabu, waliotupa neno kahawa, wameshika punje: bunn ni buni, bunni ni rangi yake.

Kuna wanaoandika “shati la rangi ya kahawa”. Hilo halina kosa kubwa, ila “shati la kahawia” linatosha. Hudhurungi ni jirani yake wa karibu, na vitabu vingi vya shule huyatumia maneno haya mawili kwa maana moja. Linalochanganywa vibaya ni damu ya mzee, rangi ya sweta nyingi za shule: hiyo ni nyekundu iliyokolea, si kahawia.

Kahawia haimo katika rangi za msingi, ambazo darasani ni nyekundu, manjano na buluu, wala katika rangi za upili, yaani machungwa, kijani na zambarau. Hupatikana zote tatu za msingi zikikutana, kwa mfano nyekundu ikichanganywa na kijani. Anayechora udongo mwekundu wa Embu aanze na kahawia, kisha aongeze nyekundu kidogo kidogo.