Kilimambogo: Kisiwa cha msitu karibu na Thika

MLIMA Ol Donyo Sabuk, ambao wakazi wengi wa Thika na Ruiru huuita Kilimambogo, umesimama peke yake katikati ya tambarare mithili ya kisiwa baharini. Umezingirwa na mashamba pamoja na makazi ya watu yanayozidi kuusogelea. Kwa wanyama walio humo, ulinganisho huo si wa kupamba lugha. Hawana msitu mwingine wa karibu wa kukimbilia.

Mlima huo umo katika Kaunti ya Machakos, lakini mgeni anayetoka Nairobi hupitia Ruiru na Thika, kisha akafuata barabara ya Garissa. Ulitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1967. Eneo lake ni takriban kilomita 20 za mraba tu, na kilele chake kinafikia mita 2,145 hivi juu ya usawa wa bahari.

Ol Donyo Sabuk ni jina la Kimaasai lenye maana ya mlima mkubwa, ilhali Kilimambogo ni mlima wa mbogo, yaani nyati. Nyati hao wangalipo, na ndio sababu anayetaka kupanda kwa miguu hutakiwa kuandamana na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Njia ya kuelekea kileleni ina urefu wa kilomita tisa hivi. Msituni humo mna pia mbega, nyani, pongo na ndege wa aina nyingi. Asubuhi isiyo na mawingu, aliye kileleni huweza kuuona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili.

Kabla ya kufika juu, msafiri hupita kaburi la William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyepewa hadhi ya Sir na Uingereza. Alimiliki shamba kubwa la Juja, ambako mwaka wa 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt katika safari yake ya uwindaji. McMillan alifariki Ufaransa mwaka wa 1925. Yasemekana alitaka kuzikwa kileleni, ila uzito wa jeneza na ukali wa mteremko uliwashinda wachukuzi, akazikwa njiani. Mkewe, Lucie, aliyefariki mwaka wa 1957, amelazwa kando yake. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ilijengwa kwa kumbukumbu ya mumewe.

Chini ya mlima kuna Maporomoko Kumi na Manne ya Mto Athi, na hapa ndipo furaha ya matembezi huingia doa. Wengi hudhani ni maji ya Mto Thika. La hasha. Mito ya Thika na Chania, inayoporomoka kando ya hoteli ya Blue Posts iliyoanzishwa mwaka wa 1908, hukutana na kuelekea Mto Tana. Mto Ruiru ndio unaoingia Mto Nairobi, nao huo humwaga maji yake katika Athi kabla ya maporomoko. Kwa hivyo uchafu wa viwanda, vyoo na majaa ya jiji kuu huteremka papo hapo mbele ya watalii. Mara nyingi povu na chupa za plastiki huonekana miambani. Maji hayo hayo huendelea hadi Sabaki na kuingia Bahari Hindi karibu na Malindi, yakitumiwa na watu na mifugo njia nzima.

Kuhusu chakula, eneo hili halina uhaba. Mananasi ya Thika huuzwa kandokando ya barabara, na nyama choma haikosekani mijini. Upande wa Wakikuyu mgeni hupata githeri na mukimo. Akivuka Athi hukaribishwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa kunde au maharagwe. Mnywaji kahawa naye akumbuke kuwa Ruiru ndiko kulikobuniwa mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 ili kustahimili ugonjwa wa kuoza kwa matunda na ule wa kutu ya majani.

Penye samaki wa kukaangwa, ni busara kuuliza kwanza wamevuliwa wapi.

Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, mto hufurika na njia ya mlimani huwa na utelezi. Januari na Februari hufaa zaidi. Ada ya kuingia mbugani hulipwa kupitia mtandao wa eCitizen, kwa hivyo asitarajie mtu kulipa pesa taslimu langoni.